Ng'ombe na majani yake: shajara ya mfuko wa Idara ya Sayansi na Hisabati

Juma la 1

Kamati imepatikana. Tuko saba, wote tumewahi kukalia madawati ya idara hii, na wawili kati yetu walirudia mtihani wa kalkulasi. Sitawataja, ila mmoja wao ndiye anayeandika hapa. Ukatibu nimepewa kwa sababu nilikutwa na kalamu.

Azimio: kuchanga fedha za kuinunulia Idara ya Sayansi na Hisabati spektrofotomita mpya (mtambo wa kupima mwanga unaofyonzwa na kimiminika), na kuweka kibao cha shaba mlangoni mwa maabara chenye majina ya waliochanga. Muda ni mwaka mmoja. Naliandika kama lilivyopita. Hakuna aliyeuliza idara yenyewe inataka nini, mimi nikiwa mmojawapo.

Juma la 2

Nimekwenda maabara na mweka hazina wetu kupima mahali mtambo utakapokaa. Fundi sanifu wa maabara ni yule yule aliyekuwa akitukaripia kwa kurudisha pipeti chafu. Alitusikiliza hadi mwisho, mikono nyuma.

"Kijana wangu, mnaniletea ng'ombe. Majani mmeleta?"

Nikamwambia, "Mzee, huu ni mtambo, hauli."

Hakunijibu. Alitupeleka stoo, akavuta shuka iliyofunika kitu mezani. Chini yake kulikuwa na spektrofotomita nzuri tu. Ililetwa miaka iliyopita na mfadhili ambaye kibao chake bado kinang'aa ubavuni. Taa ya deuteri, ile inayotoa mwanga wa urujuanimno, ilikufa. Taa hizo huhesabiwa kwa saa, na nyingi hutarajiwa kudumu kama saa 1,000 hivi. Hati ya zawadi ilitaja mtambo peke yake, na bajeti ya idara haikuwa na fungu la taa. Halafu viselo vilivyokuja nao, yaani vile vijichupa vya mraba vya kutilia kimiminika kinachopimwa, vilikuwa vya kioo cha kawaida. Kioo cha kawaida humeza urujuanimno, kwa hiyo kwa vipimo hivyo vinatakiwa vya kwatzi. Kwa maneno mengine, hata taa ilipokuwa hai, nusu ya kazi ya mtambo haikuwahi kufanyika.

Mweka hazina alitoa kalamu akaanza kuandika bila kuambiwa. Orodha yetu baada ya saa tatu:

Hadubini 22, zinazofanya kazi 13. Kati ya tisa mbovu, tano ni balbu tu. Tatu zina ukungu kwenye lenzi ya 100, ile inayotaka tone la mafuta, kwa sababu watu huacha mafuta yakauke au huyafuta kwa kitambaa chochote walichonacho. Moja ilianguka, na hiyo Mzee amesema tuiache ipumzike.

Mizani ya desimali nne ipo nzima, lakini tarakimu ya mwisho inacheza kama mtoto mwenye haja. Kwa mizani inayosoma sehemu moja ya kumi ya miligramu, alama ya kidole kwenye chombo inatosha kuharibu kipimo, na hii imewekwa kwenye meza ya mbao karibu na mlango unaofunguliwa kila dakika. Dawa yake ni bamba zito la jiwe na kona isiyo na upepo. Bamba lipo uani, limelala tangu ukarabati uliopita.

Kabati la kunyonyea mvuke: Mzee alining'iniza ukanda wa karatasi laini kwenye mdomo wake. Ukanda ulitakiwa uvutwe kuelekea ndani. Ulining'inia tu. Kabati la namna hiyo hutakiwa livute hewa kwa kasi inayokaribia nusu mita kwa sekunde. Hili letu kwa sasa ni kabati la kuwekea vitu.

Juma la 3

Kikao cha ugomvi. Nusu ya kamati wanataka mtambo mpya kama tulivyoahidi, kwa hoja kwamba watu huchangia kinachopigika picha. Sikatai. Nani atachangia balbu tano na feni?

Mweka hazina alimaliza ubishi kwa hesabu. Watu wa maabara hukisia kwamba kutunza mtambo wa aina hii kwa mwaka, ukijumlisha fundi, vipuri na vinavyotumika vikaisha, hula kama sehemu ya kumi ya bei yake. Miaka kumi, na umeununua mara ya pili. "Tukinunua mpya bila fungu la matunzo," alisema, "tunanunua shuka ya pili."

Kura: nne kwa tatu. Azimio jipya linataja mambo mawili. Kwanza, kufufua kilichopo. Pili, mfuko wa matumizi ya kila mwaka, ambao idara itautumia inavyoona inafaa. Kibao cha shaba kimeahirishwa, na aliyekipendekeza amenuna.

Juma la 5

Barua ya kuomba imetoka, kwa wahitimu tunaowajua tu. Niliiandika mara nne. Rasimu ya kwanza ilikuwa na "kujenga kesho iliyo bora" na mambo ya namna hiyo. Mweka hazina aliifuta yote, akaacha orodha ya hadubini na ukanda wa karatasi ulioning'inia. Hiyo ndiyo iliyotumwa.

Imeleta watu wengi kuliko nilivyotegemea. Karibu kila mmoja anaikumbuka mizani ile. Mmoja ameandika kwamba alikwenda miaka mitatu akiamini mikono yake ndiyo inayotetemeka.

Juma la 6

Haba na haba hujaza kibaba, lakini mweka hazina anasema kibaba chetu kinavuja: kila mchango mdogo unakatwa ada ya kutuma, na michango midogo sana inafika imekonda. Tumewaomba watoaji wadogo wachange mara moja kwa robo mwaka badala ya kila mwezi. Wengi wamekubali. Wawili wamesema kila mwezi ndiyo njia pekee watakayokumbuka, na tumewaacha. Anayekumbuka ni bora kuliko ada iliyookolewa.

Risiti zinatoka ndani ya siku mbili, kila moja na jina la mtu, lisilokosewa. Tulikosea mawili juma hili na nimepiga simu mwenyewe kuomba radhi.

Juma la 8

Hili naliandika kwa urefu kwa sababu bado magoti hayajakaa sawa.

Jumanne yalifika makasha sita ya kemikali, zawadi kutoka maabara moja iliyofungwa. Tulikuwa tumeambiwa "vitendanishi mbalimbali, vingi havijafunguliwa". Tulifurahi. Mwenzetu mmoja alikwishaanza kuandika barua ya shukrani. Mimi nilikata gundi ya kasha la kwanza na kuanza kutoa chupa mezani, nikisoma lebo kwa sauti ili mwanafunzi mmoja aandike.

Mzee aliingia akiwa na kikombe chake. Nilikuwa nimesoma "etha" na tarehe. Akaweka kikombe chini, taratibu. "Usiishike tena. Rudisha mikono." Kisha akasogea kutazama kasha la pili bila kuligusa, akainama, na nikamwona akirudi nyuma hatua mbili. Ndani kulikuwa na chupa ya tindikali ya pikriki, na kilichokuwamo kilikuwa chembechembe kavu za njano.

Nilijifunza kemia hapa hapa na nilikuwa nimesahau yote mawili. Etha iliyokaa miaka mingi, hasa chupa iliyokwisha kuingia hewa, hujitengenezea peroksidi, na peroksidi hizo zinaweza kulipuka kwa kufungua kifuniko tu. Tindikali ya pikriki huhifadhiwa ikiwa imeloweshwa maji. Ikikauka ni jamaa wa baruti: msuguano au kishindo vinatosha, na ikigusana na chuma hutengeneza chumvi zilizo hatari zaidi. Sijui kifuniko cha chupa ile kilikuwa cha nini. Sikusogea kutazama.

Mzee alitutoa wote, akafunga mlango, akaandika karatasi ya onyo, akabandika, akakaa kwenye kiti nje ya mlango hadi wataalamu wa kuharibu vilipuzi walipokuja. Hakuna aliyeruhusiwa kupita kwenda kuchukua hata mkoba. Wataalamu walichukua chupa mbili. Kemikali nyingine zilizobaki, nyingi muda wake umepita, itabidi zilipiwe ili zikaharibiwe kwa utaratibu. Kwa hiyo zawadi hii imetugharimu, na gharama inatoka kwenye fungu la hadubini.

Jioni nilimwomba Mzee radhi. Alisema hakuna neno, ila kikombe chake kimebaki ndani.

Juma la 10

Tumeandika kanuni ya kupokea zawadi za vitu. Nusu ukurasa. Hakuna kitu kinachosafirishwa kabla idara haijapata orodha yenye jina, kiasi na tarehe, na kuijibu kwa maandishi. Kemikali zilizofunguliwa hatupokei. Mtambo wa umeme hatupokei mpaka tujue volti na masafa yake, kama kitabu cha maelekezo kipo, na kama vipuri vyake bado vinatengenezwa. Anayetoa mtambo anaombwa atoe na matunzo ya miaka mitatu, au atuambie wazi kwamba hawezi, ili tuamue.

Mwenzetu mmoja anaona ni ufidhuli kumwekea masharti anayekupa. Nimemwonyesha kiti cha Mzee nje ya mlango.

Hadubini nane zimerudi kazini. Bamba la jiwe limebebwa na wanafunzi sita wakiimba, na tarakimu ya nne ya mizani imetulia. Kazi hiyo haikugharimu chochote.

Juma la 13

Upande wa hisabati tumeusahau kabisa. Nimegundua leo nikipitia matumizi: kila kitu ni maabara. Nilikwenda kumwona Mwalimu wa takwimu, nikijiandaa kwa lawama, naye akacheka. "Wafadhili hutusahau kwa sababu hatuna cha kuonyesha. Mtatupiga picha tukiwaza?"

Nikamuuliza idara inahitaji programu gani tununue. Akasema hata moja. R ni bure, GeoGebra wanafunzi wanaipata bure, Octave ni bure. Watu huamini hisabati inakwama kwa kukosa programu. Kinachokosekana ni saa za mtu. Mwaka wa kwanza una wanafunzi wengi wanaoingia bila kushika sehemu na vipeo sawasawa, na wote wanagonga mlango wake mmoja, majuma mawili kabla ya mtihani.

Anachotaka: wanafunzi wanane wa mwaka wa tatu, walipwe kwa saa, wakae chumba cha pili jioni nne kwa juma, mwenye swali aingie. Walipwe kweli, alisisitiza. Wa kujitolea huja vizuri majuma matatu, kisha mitihani yao wenyewe inawavuta, na huwezi kumlaumu mtu usiyemlipa. Pia ubao mkubwa, wa chaki, kwa sababu kwenye ubao mwenye kukosea anaonekana na wote wanajifunza kosa lile.

Gharama ya haya yote kwa mwaka ni ndogo kuliko taa na viselo. Nimeona haya kidogo.

Juma la 15

Chumba cha jioni kimefunguliwa. Siku ya kwanza walikuja watatu, ya nne hapakuwa na viti. Mmoja wa wasaidizi ameniambia sasa ndiyo ameelewa vikomo, baada ya kuvieleza mara kumi na moja.

Juma la 17

Swali la wakfu. Mhitimu mmoja mwenye uwezo ameuliza kama tunaweza kuweka fedha ambazo hazitaguswa, ila faida yake tu itumike milele. Kamati nzima imesisimka. Neno "milele" lina utamu wake.

Mwalimu wa takwimu alialikwa kikaoni, akaja na chaki. Taasisi nyingi zenye wakfu hutoa kila mwaka asilimia 4 hadi 5 ya thamani ya mfuko, ili kinachobaki kikue angalau sambamba na bei za vitu. Kwa asilimia 4, ukitaka kutumia 1 kila mwaka, lazima uwe na 25 imekaa. Mahitaji yetu ya mwaka yakizidishwa mara 25 yalifanya ubao ukae kimya. Na faida yote ikitumika bila kubakiza ya kufidia kupanda kwa bei, mfuko unaoonekana haujaguswa unaliwa na wakati: gawanya 72 kwa asilimia ya kupanda kwa bei, upate miaka ambayo nguvu ya fedha itapungua nusu. Bei zikipanda asilimia 6, ni miaka 12.

Wakfu si ndoto tupu, alisema, na akatoa mfano wa Henry Lucas wa Uingereza. Alipofariki mwaka 1663 aliacha kwa wosia fedha za kununua ardhi itakayozaa pauni 100 kwa mwaka, za kumlipa profesa wa hisabati Cambridge. Wa pili kukalia kiti hicho, mwaka 1669, alikuwa Isaac Newton. Kuanzia 1979 hadi 2009 kilikaliwa na Stephen Hawking, na hadi leo kipo. Mimi kilichonigusa ni kwamba hakununua darubini wala jengo. Alimlipa mtu.

Uamuzi: wakfu uanze mdogo, faida yake irudishwe ndani, isitumike kwa miaka kumi. Mfuko wa matumizi ya kila mwaka ubaki kuwa kazi yetu kuu. Yule mhitimu amekubali kugawa zawadi yake mara mbili, na sehemu kubwa imekwenda kwenye matumizi. Sikuitegemea.

Juma la 21

Mfadhili mkubwa wa pili ametupa majuma matatu ya kukosa usingizi. Anatoa fedha nyingi, lakini hati aliyoileta inasema zitumike "kwa ajili ya spektroskopia tu", yaani vipimo vya mwanga kama vya mtambo ule, chini ya usimamizi wa mkuu wa idara wa sasa, anayemtaja kwa jina. Mkuu wa idara ni mtu mwema na anastaafu karibuni.

Fedha yenye masharti ni fedha ya masharti. Ikishapokelewa hivyo, mkaguzi wa hesabu hatakuelewa ukiinunulia karatasi za mitihani, hata kama karatasi zimekwisha na fedha imelala. Na jina la mtu kwenye hati lina hatari yake. Nilikwenda kwa mfadhili na kisa cha Marie Curie.

Yeye na mumewe Pierre waligundua radiamu, elementi inayotoa mionzi, mwaka 1898, lakini miaka zaidi ya 20 baadaye maabara yake Paris ilikuwa na gramu moja hivi ya kufanyia kazi. Mwandishi wa habari Mmarekani, Marie Mattingly Meloney, alimuuliza anachotaka kuliko vyote, akasema gramu moja nyingine. Wanawake wa Marekani wakachanga kiasi cha dola 100,000, na Mei 1921 Rais Harding alimkabidhi zawadi hiyo Washington. Usiku wa kuamkia sherehe alionyeshwa hati, akaikataa ilivyo. Ilimpa yeye radiamu ile. Akasema iwe mali ya maabara, kwani akifa ingekuwa urithi wa binti zake. Wakamwambia itarekebishwa baadaye. Akataka irekebishwe usiku ule ule, na mwanasheria akatafutwa.

Mfadhili alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama maneno "spektroskopia tu" nayo yana tatizo. Nikasema ndiyo, Mheshimiwa, kwa sababu miaka 15 ijayo hatujui idara itakuwa na shida gani. Tukakubaliana: "kwa vifaa na ufundishaji wa sayansi na hisabati, kipaumbele kikiwa spektroskopia kwa miaka mitano ya kwanza". Jina la mkuu wa idara limetoka, limeingia neno "idara". Kibao chake atapata, ila atakiweka kwenye kabati la mvuke. Alitaka kwenye mtambo. Nilimwambia kabati hutumiwa na kila mwanafunzi.

Juma la 22

Feni mpya ya kabati imewashwa. Ukanda wa karatasi umevutwa ndani hadi ukachanika.

Juma la 24

Taa na viselo vya kwatzi vimefika. Mzee alifunga taa akiwa amevaa glavu, kwa kuwa alama ya kidole kwenye kioo chake huungua na kuacha doa. Aliiacha ipate moto nusu saa huku darasa zima likisubiri, wala hakuwa na haraka.

Walianza na kitu rahisi, kisichohitaji hata taa hiyo: pamanganeti ya potasiamu, yale maji ya zambarau, kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 525. Mikorogo mitano, kila mmoja mkali kuliko uliotangulia. Wakachora kwenye karatasi ya grafu ukolezi upande huu na ufyonzaji wa mwanga upande ule. Nukta nne zikapanga mstari, ya tano ikalala chini. Nusu ya darasa ilitaka kuifuta.

Mwalimu wa takwimu alikuwapo, nilikuwa nimemwita. "Msiifute. Mwambieni kwanza mkemia awaeleze kama ilikuwa na haki ya kulala." Na kweli ilikuwa nayo: mkorogo ukizidi ukali, uhusiano ule haubaki mstari. Waliuongezea maji, wakaupima tena, na nukta yake ikakaa kwenye mstari. Kisha wakahamia kafeini, nanomita 273 kwenye urujuanimno, kazi ambayo mtambo huu haukuwahi kuifanya tangu uletwe.

Juma la 26

Ripoti ya nusu mwaka kwa wachangiaji imetoka: kurasa mbili, hesabu zote, na makasha sita hatukuyaficha. Mtu mmoja ameandika kujiondoa baada ya kusoma habari za makasha. Wanne wameongeza mchango.

Aliyenuna kuhusu kibao amerudi kikaoni. Anapendekeza majina yaandikwe kwenye daftari la maabara badala ya shaba, na nimeipenda.

Nilipita kumuaga Mzee. Daftari lake lilikuwa wazi kando ya mtambo: taa mpya, saa 31. Chini kwenye ukurasa amepiga mstari mwekundu kwenye saa 800, na pembeni yake ameandika kwa mkono wake mkubwa, "Agiza nyingine. Fungu lipo."